Dirisha la Bani

Gratien alikuwa amekwisha kukata maua ya matuta manne, na vidole vyake havikuwa vimemuuliza lolote. Vilijua kazi. Maisha yake yote ya utu uzima vilikuwa vikikata maua ya tumbaku: unabana shingo ya ua kwa kidole gumba na cha shahada, unapinda, linakatika, na nguvu yote ya mmea inarudi kwenye majani yakanenepa. Kwa hiyo alipoona pakanga yake inatoa vichwa vya maua ya njano, vidogo kama punje za ulezi, hakushtuka wala hakutafuta simu. Aliinama akaanza kukata.

Kuinama ndiko kulikomsumbua. Pakanga aliyoonyeshwa kwenye picha ilimfika mtu begani. Yake ilimfika magotini.

"Lakini inanukia vizuri," alisema mkewe, Emelyne. Alikuwa amekuja kusaidia, akakata tuta moja, kifua kikambana, akakaa chini. "Hata vidole vyangu vinanuka dawa."

"Ngoja wiki moja tu. Utaona majani yatakavyokuwa."

"Ego," alijibu. Ndiyo yake hiyo ya Kirundi aliitumia alipokubali, na pia alipochoka kubisha.

Pakanga hii ilipandwa kwa ajili ya kifua hicho. Katumba ni mahali pa tumbaku, na tumbaku haiishii shambani. Majani yakishachumwa yanafungwa kwenye vijiti, yanatundikwa ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, halafu moto unachochewa usiku na mchana mpaka yakauke. Bani la Gratien lilikuwa kuukuu na mabomba yake ya moshi yalivuja. Watoto walikwisha kuondoka, mmoja Kaliua, mwingine Dar es Salaam, na bani halishikwi na mtu mmoja: huyu akilala, yule anachochea. Miaka yote yule alikuwa Emelyne. Mwaka jana daktari wa Mpanda alimsikiliza mgongoni, akamwambia moshi wa bani basi, kabisa. Alisema kama mtu anayemkataza mlevi pombe. Hakuuliza watakula nini. Mahindi yalitosha tumbo tu. Kila kitu kingine nyumbani mwao, hata hizo dawa za kifua, kilitoka kwenye tumbaku.

Ndipo akaja Enoka na pikipiki yake, kijana mnunuzi wa mimea ya dawa. Alikusanya watu nje ya kanisa, akawaeleza kwamba majani ya pakanga yanatengeneza dawa ya malaria, na kwamba kampuni yake inayanunua yakiwa yamekaushwa kivulini.

Kivulini. Maneno mengine Gratien aliyasikia, hili alilibeba mpaka nyumbani. Siku hiyo hiyo alichukua sururu akatoboa dirisha kwenye ukuta wa bani, hewa ipite. Emelyne alicheka mpaka akakohoa.

"Bani lenye dirisha! Watu watasema tumefungua duka."

Lakini alilipenda. Alilifagia bani, akakwangua masizi, na jua lilipokuwa kali alikaa ndani kando ya lile dirisha akichambua maharage. Gratien akipita na jembe alimwona pale, upepo unakichezea kilemba chake, na moyo wake ulitulia jinsi ulivyokuwa haujatulia kwa muda mrefu.

Enoka alikuwa ametoa masharti mawili. La kwanza, mbolea ya dukani marufuku. Watumie samadi iliyooza vizuri. La pili, wapande Desemba, mvua zikishashika. Gratien alilishika la kwanza kwa mikono miwili. Alisomba samadi kwenye zizi la Makoye, mfugaji wa ng'ombe wa ng'ambo ya reli, akaipanga na nyasi na majivu, akaimwagia maji, akaigeuza. Desemba ilipofika alichomeka kijiti kwenye lundo, akakichomoa, akakigusa. Kilikuwa cha moto. Samadi mbichi inaunguza mche, kila mtu anajua.

Jirani yake Anicet hakungoja. Alipanda na samadi yake mbichi hivyo hivyo, nusu ya miche ikaungua, na Gratien alimcheka. Alimcheka sana, tena mbele ya watu.

Emelyne alisema mara moja tu. "Baba Arcade, mvua hizi hazitungoji."

"Mara hii nataka tufanye sawasawa," Gratien alimjibu. "Hii siyo ya kubahatisha."

Mboji iliiva Februari. Ilikuwa nyeusi, nyepesi mkononi, inanukia kama msitu baada ya mvua, na Gratien aliona fahari ambayo hata harusi ya mwanawe haikumpa. Miche kitaluni ilikuwa imeanza kuwa ya njano kwa kungoja. Akaipanda mmoja mmoja, kila mche na konzi yake ya mboji.

Sasa, Aprili ikiwa inaishia, wiki ile aliyoiomba ikapita. Majani hayakunenepa. Enoka alipofika alianzia kwa Anicet, ambako miche iliyosalimika ilikuwa imemfika mtu begani, akaja kwa Gratien akasimama kwenye tuta la kwanza. Alivua kofia ya pikipiki.

"Mzee, nani amekata hivi?"

"Mimi. Ili majani yanenepe."

Enoka alichuchumaa, akapanua matawi. Kila palipokatwa ua moja, kwenye kila kwapa la tawi palikuwa pametoka mengine, mengi, ya njano. "Hii siyo tumbaku, mzee wangu. Ukiikata kichwa ndiyo unaiambia ichanue."

"Basi mbolea yangu ina kasoro."

Kijana alichota udongo, akaufinya, akaunusa. "Udongo kama huu sijauona kwa mtu mwaka huu. Ulipanda lini?"

"Februari. Mboji ilikuwa haijaiva."

Enoka alipangusa udongo viganjani. Hakuwa kijana mbaya, na ingekuwa rahisi kwa Gratien kama angekuwa mbaya. "Mmea huu unafuata mchana," alisema. "Mchana ukiwa mrefu unakua. Ukianza kufupika unachanua, hata kama uko chini namna hii."

"Huku kwetu mchana ni ule ule mwaka mzima."

"Sisi hatuoni. Mmea wenyewe unaona."

Emelyne alikuwa amefika, khanga mabegani. Alisikia yote. "Ipo kidogo tumeshaikausha," alisema. "Iko bani."

Wakaenda wote watatu. Enoka alisugua majani makavu kiganjani, akatazama dirisha, akatazama sakafu iliyofagiwa. "Mmekausha vizuri sana, mama," alisema, akayarudisha pale alipoyatoa. "Iliyochanua hawaipokei. Nisameheni."

"Desemba nitawahi," alisema Gratien. "Mboji imebaki nyingi tu."

Enoka alichezea mkanda wa kofia. "Mwaka kesho gari la kampuni haliji huku, mzee. Nyie wote mkijumlishwa hamjalijaza. Wamesema twende upande mwingine."

Pikipiki ilipoishilia barabarani, Emelyne alimsogelea mumewe. Angeweza kumkumbusha Desemba. Gratien alimngojea amkumbushe, alitamani hata amkumbushe.

"Lakini mboji ilikuwa nzuri," alisema Emelyne, akaenda kuinjika maji.

Mwezi wa nane ulipofika, Gratien alitengeneza kitalu cha tumbaku. Mboji iliyobaki aliipeleka shambani, na tumbaku ikaipenda. Haikupata kutokea Katumba tumbaku yenye majani mapana kama ile, na watu waliopita njiani walimpongeza. Aliitikia asante. Usiku alisikiliza kifua cha mkewe kikipiga filimbi na akalichukia kila jani.

Februari majani ya chini yakaanza kugeuka rangi. Asubuhi Gratien alikanda udongo mbele ya bani, akasogeza matofali. Bani lenye dirisha halishiki joto. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja wa kupanga kwa nje, mmoja wa kukandika kwa ndani, na kabla hajasema lolote Emelyne alichukua karai la udongo akaingia.

Gratien aliweka tofali, mkono wa mkewe ukatokea upande wa pili ukasawazisha udongo, ukarudi. Mstari wa kwanza ukamficha kiuno. Wa pili ukamficha kifua. Wa tatu, akabaki kilemba na macho. Alikohoa, akaegemea ukuta, akaendelea.

Likabaki pengo la tofali moja. Emelyne alisogeza uso pale, akafumba macho, akavuta hewa taratibu mpaka ikamwingia, kisha akarudi nyuma gizani.

"Weka," alisema.

Gratien alikuwa nalo mkononi, limekwisha kupakwa udongo. Alisimama nalo mbele ya lile pengo, hasogei, na udongo ukaanza kukauka.