Thoa Apandisha Binti wa Msituni

Thoa, fundi simu wa mjini Nam Định, aliumwa miaka mingi na hospitali hawakuona kitu. Mama Lụa, kiti wa siku nyingi ambaye pepo humpanda, alimtazama mara moja tu akasema, "Huumwi wewe. Unaitwa na pepo." Siku yake ya kwanza ya kupandisha ilipofika, mimi ndiye niliyekuwa mpambe wake hekaluni, kazi yangu kumvalisha nguo za kila pepo atakayepanda.

Watu walijaa hadi barazani. Aliyetutia wasiwasi ni Mzee Khiêm, baba wa mume wa Thoa, askari mstaafu. Alisimama mlangoni mikono kifuani. Kwake haya yote ni upuuzi, na nyumbani akifoka, Thoa huinamisha kichwa tu.

Nikamfunika shela jekundu. Ngoma ikalia, mwimbaji akamwita Binti wa Msituni. Mabega ya Thoa yakaanza kuyumba, kisha kichwa, kisha shela likarushwa pembeni, na macho yaliyotutazama hayakuwa ya fundi simu. Nikamvalisha koti la kijani mbio mbio. Akanyakua mienge miwili inayowaka, akaruka, na ukumbi mzima ukashangilia.

Akacheza mpaka mlangoni.

"Wewe babu," alisema kwa sauti nyembamba ya kitoto, "mlango huu unaulinda usiibwe?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mimi siamini mambo haya," Mzee Khiêm akasema.

"Kwani nani kakuuliza? Mimi nauliza kama makofi unajua kupiga."

Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo, sembuse mkwewe. Nilijua ataondoka. Badala yake midomo ikamcheza, akapiga kofi moja, akapiga jingine, mara akawa kashika mdundo kabisa. Mpiga ngoma kuona vile, akazidisha kasi.

Ndipo cheche ya mwenge ikarukia koti la Thoa, na mkono wa koti ukashika moto. Kabla sijafika, Mzee alishaudaka kwa viganja vyake akauzima. Binti hakusita hata kidogo. Alimzunguka akicheka, akamjaza mifukoni pipi za madhabahuni, baraka ya pepo.

Pepo aliposhuka, Thoa aliketi sakafuni ametota jasho. Mzee akachuchumaa mbele yake.

"Yale maneno uliyasikia?"

"Yote, baba."

"Ulikuwa unayasema wewe, au yeye?"

"Sijui, baba. Lakini nilifurahi yaliposemwa."

Mzee akatazama viganja vyake vilivyobabuka. "Basi na nyumbani tuongee."

Akampakia kwenye pikipiki, sanduku la nguo katikati yao. Niliwatazama mpaka kona ya soko. Thoa alikuwa ameshaanza kuongea, mkono mmoja ukipunga hewani, na mzee akigeuza kichwa kila mara ili asikie, mpaka wenye pikipiki nyingine wakawa wanampigia honi.