Sahani ya Wangwe

Wangwe alikuwa fundi cherehani pale Bomani, Tarime, na mwanzoni alidhani shida yake ni macho. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Aliulowesha kwa mate, akausokota, akalenga tena, akakosa. Akanunua miwani kwa machinga. Halafu ikaja kiu. Dumu la maji aliloliweka chini ya meza ya kukatia vitambaa lilikwisha asubuhi tu, na kila mara alikuwa akiomba ufunguo wa choo kwa Winfrida, mwenye duka la jirani, mpaka Winfrida akamwambia, "Fundi, nenda kapime. Marehemu mama yangu alianza hivyohivyo."

Akaenda. Muuguzi aliyempokea, mama mtu mzima aitwaye Luciana, alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akatazama tena.

"Baba, asubuhi umekula nini?"

"Supu na chapati."

"Na jana jioni?"

"Nyama choma, chipsi. Na soda."

"Nyumbani anapika nani?"

"Hakuna mtu."

Mke wake, Robi, alifariki mwaka juzi, masika yalipokuwa yanaanza. Enzi zake nyumba ile ilikula ugali wa mtama na muhogo, maharage, mgagani uliochemshwa na maziwa mpaka uchungu ukaisha. Wangwe alikuwa akilalamika kwamba analishwa majani kama ndama, na Robi alikuwa akicheka huku anamwongezea. Baada ya msiba, watoto waliporudi makwao, alijaribu kupika mwenyewe mara chache. Lakini ule ugali mdogo katikati ya sufuria kubwa ya familia ulimtia uchungu. Akaanza kula kwa Masalu.

Masalu alikuwa Msukuma aliyekuja Tarime kutafuta dhahabu. Mashimo yalipomkatalia, akafungua kibanda cha nyama choma nyuma ya soko. Kila jioni Wangwe alikaa hapo na rafiki zake wawili, Waitara, mfanyabiashara wa ng'ombe, na Sylvester, mwalimu mstaafu. Nyama ililetwa kwenye sinia moja, chumvi pembeni, wakala na kubishana juu ya mpira na bei ya mahindi mpaka giza linaingia. Kwa Wangwe, saa zile ndizo zilizobeba siku nzima.

Luciana alimwandikia dawa za kisukari, akamweleza apunguze nini na aongeze nini. Mwishoni akasema, "Dawa tutakupa sisi. Chakula utajilisha mwenyewe, baba. Hapo sina la kukusaidia."

Jioni hiyo Wangwe alienda kwa Masalu kama kawaida, akaagiza maji.

"Mura," Waitara akamwita kwa Kikurya, "umeokoka?" na wote wakacheka. Wangwe alipowaeleza, kicheko kikakatika. Walimhurumia kweli. Lakini huruma yao ilitoka na mfupa mkononi. Waitara alichagua kipande, akakisukuma upande wake. "Hiki hakina mafuta. Kidogo hakidhuru." Kesho yake kidogo tena, na kesho kutwa vilevile. Wangwe aliona kwamba pale mezani kukataa nyama ilikuwa sawa na kuwakataa wao, na yeye hakuwa na nguvu ya kufanya hivyo kila siku. Akaacha kwenda. Mwanzoni walimpigia simu. Baadaye simu zikapungua, kisha zikanyamaza.

Akajifunza kupika. Sokoni wanawake walimtania walipomwona, mzee mzima wa Kikurya, ana fungu la mgagani kwapani. "Fundi, umeoa?" Alitabasamu, akapita. Maharage ya kwanza yaliungua. Ugali wa kwanza ulikuwa na mabuje ya unga. Alikuwa akifunga mlango wa jiko ili asionekane akisonga, na akimaliza alikula harakaharaka akiwa amesimama, kama mwizi. Alikuwa amekulia kwenye boma ambalo baba na wanawe wote walikula kwenye sahani moja, na mtu aliyejifungia kula peke yake alisemwa vibaya mpaka ng'ambo ya mto. Sasa mtu huyo alikuwa yeye.

Hata hivyo mwili ulimwitikia. Kiu ikatulia. Akawa analala bila kuamkaamka. Asubuhi moja alichukua uzi, akaulenga, ukapita mara moja bila miwani. Aliinua kichwa amwambie mtu. Dukani hapakuwa na mtu, isipokuwa magauni ya wateja yaliyotundikwa ukutani. Akainama, akaendelea kushona.

Mwezi wa nane Waitara alimwoza binti yake huko kwao Nyambureti, wilaya ya Serengeti. Nguo za sherehe alishona Wangwe, na akaalikwa. Alipofika walimpokea kwa kelele, wakamsogezea kiti katikati ya wanaume wa rika lake. Sylvester alikuwepo. Sinia likaja, likiwa na pilau na nyama imelala juu. Waitara, pamoja na shughuli zote za siku hiyo, alimkumbuka, akamwinamia sikioni.

"Nikuletee maji na mboga, mura? Zipo kwa akina mama."

Wangwe alitazama ile mikono iliyokwisha kuingia kwenye sinia. "Lete soda," akasema.

Alikula mpaka vidole vikang'aa mafuta. Alicheka mpaka machozi. Dawa alikuwa ameziacha Tarime, naye alijua ameziacha. Alilala hukohuko, na kesho yake akala tena, supu asubuhi, nyama mchana. Njiani kurudi nyumbani kichwa kilikuwa kinazunguka. Akajiambia ni jua.

Siku iliyofuata, mkasi ukiwa mkononi, alianguka juu ya meza yake ya kukatia. Winfrida ndiye aliyesikia kishindo, akaita bodaboda, akamshikilia kwa nyuma mpaka hospitali.

Waitara alikuja wodini akiwa na kofia mkononi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Tumekuua, mura," alisema. "Sisi na nyama zetu."

"Uliniuliza kama uniletee maji. Nilikujibu nini?"

Waitara aliangalia sakafu. "Ulisema soda."

"Basi. Hakuna aliyenishika mdomo."

"Lakini ulikuwa umeshaweza. Kwa nini sasa?"

Wangwe aligeuka pembeni. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikuwa akilishwa uji na mkewe, kijiko kwa kijiko, na mke akimfuta kidevu.

"Nilichoka kula na ukuta," alisema.

Wangwe alipopona, Waitara alimfuata dukani, akamwambia arudi kwa Masalu, watamwekea chakula chake. Na kweli, Masalu alimchemshia sato, akampa mchicha na ugali wa dona kiasi cha ngumi. Wangwe alikaa tena kiti chake. Lakini sinia lilikuwa upande ule, sahani yake upande huu. Wenzake walikula kwa tahadhari, kama watu waliokaa na mfiwa, na yeye alimaliza mapema, akawa anatazama mikono yao. Alienda hivyo kwa muda. Kisha Sylvester akahamia kwa mwanawe mjini Mugumu. Waitara akazidi kusafiri minadani. Masalu naye akasikia habari za dhahabu mpya mahali fulani, akauza viti. Meza ile ikaisha bila mtu kugombana na mtu.

Wangwe akarudi kwenye jiko lake. Alinunua sufuria ndogo. Aliacha kufunga mlango, akawa anakaa kwenye kigoda na kula polepole, ingawa hakuna aliyepita.

Jumapili moja jioni binti yake, Nice, alipiga simu kutoka Dodoma anakofanya kazi.

"Shikamoo, baba. Unakula nini leo?"

"Marahaba, mwanangu. Mgagani, maharage, ugali wa mtama. Kidogo."

"Hongera, baba. Mimi nitaagiza chipsi kuku hapo chini. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja, naona uvivu."

Maneno mengi yalimjia Wangwe mdomoni. Aliyajua yote, kwa kuwa yeye mwenyewe alishaambiwa yote. Akayarudisha.

"Hata mimi naona uvivu," alisema. "Kila siku."

Kwa mbali ilisikika honi ya gari, halafu kimya.

"Baba, upo?"

"Nipo. Usikate kwanza. Chakula kinapoa, acha nile kidogo."

Aliwasha spika ya simu, akaiweka juu ya meza, karibu na sahani, akanawa. Nice hakukata. Wangwe alikata tonge, akalibonyeza, akachota mboga, akala, na upande wa pili alimsikia binti yake akipumua, mpaka salio likaisha.