Kimya cha Mteremkoni

Asubuhi wapanda baiskeli walifunga magodoro ya kuuza kwenye baiskeli zao, mlangoni kwa mjane wa Mkia, naye akiwamalizia foronya za mito. Godoro hukunjwa, likabanwa kwa mipira ya matairi mabovu, likasimama nyuma ya mwendeshaji kama mlango. Aliyebeba godoro haoni nyuma hata akitaka. Kwa hiyo mtu mmoja hubeba mito tu na kuendesha wa mwisho, shingo imelala upande, sikio limeelekea walikotoka. Huyo ndiye huitwa Mkia. Akisikia lori hupiga mluzi, na wote huiacha lami na kushuka kando kabla upepo wake haujawavuta na magodoro yao chini ya magurudumu. Mkia hageuki kuangalia, maana kugeuka huyumbisha baiskeli, na tena ni aibu.

Mume wa yule mjane alikuwa Mkia tangu kabla hawajaoana. "Barabara ina kona," alikuwa akisema, "sikio halina."

Katika mteremko mrefu kabla ya daraja, lori la saruji lilimjia bila sauti. Madereva wa saruji huzima injini pale na kuliacha lori liserereke lenyewe, na dizeli inayobaki huuzwa kwa madumu bila bosi kujua. Mkia hakusikia kitu, hivyo hakupiga mluzi. Wenzake walipona. Yeye alizikwa na mluzi wake.

Dereva aliwaambia polisi kwamba injini ilikuwa ikinguruma na honi alipiga, ila mwenye baiskeli alikuwa amesinzia. Polisi waliridhika. Lililomchoma mjane ni kwamba hata wapanda baiskeli waliridhika, kwa sababu Mkia aliye macho angesikia. "Usilale kama Mkia" ikawa methali ya barabarani, na binti yake akarudi nayo kutoka shuleni. Kifo mjane alikuwa amekimeza. Hili lilikataa kushuka.

Siku moja alikwenda mteremkoni na foronya tupu. Kimya cha lori bado kilikuwa pale kwenye majani ya kando, kimelala mahali kilipomwangusha mumewe. Panzi walioruka kuingia ndani yake walinyamaza, wakitoka upande wa pili wakaendelea. Alikizoa kwa mikono. Kilikuwa kizito na baridi, kama unga uliolowa. Foronya ilipojaa aliifunga fundo, akarudi nyumbani, akakichanganya na sufi, akashona.

Mto ule aliupeleka mwenyewe kwa mke wa dereva na kumwachia kwa bei ya kutupa. Mke wa dereva alimshukuru sana.

Dereva alilala juu yake, na kuanzia hapo kila kilichomjia kwa nyuma kilimjia bila sauti. Mlango ulimpiga kisogoni. Mbuzi wa jirani alimkuta ameinama akifunga kamba za viatu. Mkewe alimletea chai ya moto, dereva akageuka ghafla, na chai ikamwishia kifuani. Sokoni aligongwa na baiskeli iliyokuwa ikipiga kengele tangu mwanzo wa uchochoro. Mjane aliposimuliwa hayo alicheka peke yake kwenye cherehani, kicheko kizuri, cha kwanza tangu msiba. Mkuki kwa nguruwe, alisema, na akaendelea kushona.

Dereva alijifunza yale ambayo wapanda baiskeli hujifunza. Alitembea pembezoni. Alivaa kizibao cha kung'aa hata mezani. Alijifunga kioo kidogo begani na kukitazama kila baada ya hatua chache. Bosi wake alipendezwa, akampiga picha na kizibao chake, akaibandika ukutani ofisini kama mfano wa dereva mwangalifu.

Hatimaye alikwenda kwa mjane, akakaa na mgongo wake ukutani.

"Mama, ule mto una nini?"

"Una ulichokiacha mteremkoni."

Aliinamisha kichwa. "Nifanyeje unisamehe?"

"Sijasema nitasamehe. Waambie wenzake kwamba ulizima injini."

"Nilipiga honi, mama. Marehemu alisinzia."

Mjane alimfungulia mlango atoke. Kesho yake alirudi mteremkoni na gunia, akazoa kimya kilichobaki chote, mpaka panzi wakasikika kila mahali. Mama mkwe wake alipomwona akipita na gunia alimwambia, "Hasira hasara, mwanangu." Mjane alimjibu kwamba hasara alishapata, hasira ndiyo ilikuwa imechelewa.

Juma lile lile mke wa dereva, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alileta mto wa kiti cha lori, umechanika mshono. Mjane aliujaza kimya cha gunia mpaka ukatuna, akaushona mara mbili, na hakutaka malipo.

Dereva alikalia mto ule safari moja tu. Aliporudi hakuna chochote chake kilichotoa sauti: si viatu, si kikohozi, si kilio. Aliwalilia watoto wake, nao wakaendelea kucheza. Alivumilia kwa siku chache, kisha akaja mbio asubuhi ya kufunga magodoro, akasimama katikati ya wapanda baiskeli, akafungua kinywa na kusema. Alisema kwa kirefu. Midomo ilikwenda, machozi yakatoka, na mkono wake ukazungusha ufunguo hewani.

"Anasema nini huyu?" kiongozi wa msafara aliuliza.

"Anasema alizima injini," alisema mjane.

"Au aliiwasha. Ufunguo ni huo huo, shemeji."

Mjane alimpa dereva kalamu na kipande cha boksi. Dereva aliiangalia kalamu. Maneno ya mdomo hayamfikii bosi, wala hayaingii mahakamani; maandishi hufika kote. Aliirudisha kwa adabu, kwa mikono miwili, akaenda zake.

"Unaona?" kiongozi alisema kwa upole. "Angekuwa na la kusema angeandika. Mkia alisinzia, shemeji. Ni binadamu."

Mjane alitaka kumrarua mtu. Alikuwa amemkaba dereva vizuri mno, mpaka neno alilolitaka likafia kooni. Alijilaani mwenyewe kidogo, kisha akamlaani dereva zaidi, na vyote viwili vilimfaa.

Msafara uliondoka. Mdogo wa marehemu ndiye Mkia sasa. Mjane alimfuata mpaka barabarani, ameshika usukani wa baiskeli yake.

"Shemeji, uwe unageuka. Lile lori la saruji siku hizi halisikiki hata likipanda mlima."

"Mkia husikiliza, shemeji," alisema yule mdogo mtu. "Tukianza kugeuka watu watasema ukoo mzima hatuna masikio."

Alilaza shingo upande, akakanyaga pedali. Lori la saruji lilimpita mjane pale barabarani, limejaa, injini inawaka, likashika njia ile ile nyuma ya msafara. Vumbi ndilo lililomjulisha.