Bandeji Kati ya Bomba na Mlango

Je, umewahi kukaa hatua mbili tu kutoka kwa mtu uliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na moja, ukakatazwa kumgusa? Mimi nimekaa. Nilikaa juu ya kigoda cha kufulia, tangu saa nne na ushei asubuhi mpaka saa tisa kasoro, mikono nimeikalia isije ikanisaliti.

Mume wangu alikuwa seremala. Mtaani walimwita Bwana Kipimo, maana hakuona kitu asikipime. Hata mkate aliupima. Tulipokuwa wachumba alinipima kiganja kwa rula yake ya mbao, akaandika ukutani kwa penseli: sentimita kumi na saba. "Nisije nikashika cha mtu mwingine gizani," akasema. Lakini ngazi ya nyumbani kwake ilikuwa imeoza. Mganga hajigangi.

Siku hiyo alitaka kuzibua mfereji wa bati uliojaa majani. Kitinda mimba wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, akamzuia.

"Baba, ngazi hiyo imeliwa na mchwa. Acha nipande mimi, mwepesi."

"Ngazi hii nimeitengeneza kabla wewe hujazaliwa. Toka hapa, usinifundishe ubao."

"Basi panda! Panda uanguke ufe, tupumzike!"

Maneno ya hasira hayo. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na sikio halina mlango. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nikasikia mti ukilia kwaa, kisha kishindo, kisha kimya. Nilipotoka, mume wangu yuko chini kwenye sakafu ya uani, na mwanangu amesimama kando yake, mikono kichwani.

Gari la wagonjwa halikuchelewa. Aliingia dereva mnene mwenye pumzi fupi, na mhudumu mwanamke aliyechomeka kalamu mbili kwenye nywele. Walipita upande mmoja tu, wa ukutani, wakikanyaga palepale walipokanyaga. Mhudumu alimshika mume wangu shingoni, akammulika macho, akambandika vibandiko vya nyaya kifuani. Kwenye mashine ukatokea mstari, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikawaza, Mungu anisamehe, kwamba mwenyewe angeusifu.

Mhudumu akaja kupiga magoti mbele yangu. "Mama, amekufa. Moyo umesimama na hatuna namna ya kuurudisha."

Hakusema ametutoka, hakusema ametangulia. Alisema amekufa. Baadaye nilimshukuru, saa ile nilitaka kumzaba kofi. Aliandika saa kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye suruali yake. Kisha akamfunika mume wangu shuka jeupe. Vibandiko vya kifuani hakuvitoa. Mdomo ulikuwa wazi, na mkono wa kulia, umefumba ngumi, ulibaki nje ya shuka.

"Sasa mtieni garini," nikasema.

"Gari hili ni la walio hai, mama. Yeye anawangoja polisi. Mtu akianguka namna hii, hakiguswi kitu mpaka waje waone."

"Basi niache nimfunge kidevu tu. Akikakamaa hivi, nitamzika akiwa ameachama?"

Alitazama juu ya ukuta. Vichwa vya majirani vilikuwa vimepangwa kama vyungu. Akateremsha sauti. "Nimesikia wanayosema juu ya kijana wako. Wanasema alimwambia afe, kisha akamsukuma. Kama hakusukuma, shahidi wake ni hapa hivi palivyo. Ukihamisha hata mkono, mama, shahidi huyo naye umemuua."

Alikuwa bado anazungumza, mara redio ya dereva ikakoroma. Mwanamke anajifungua kando ya barabara, mtoto anatanguliza miguu.

"Mtaniacha?" nikamshika nguo.

"Sina ruhusa ya kumwacha huyu, wala sina ruhusa ya kukataa yule," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. Akatoa bandeji mpya, akafunga ncha moja kwenye bomba la maji na nyingine kwenye kitasa cha mlango. "Mtu asivuke hapa. Wala wewe."

Basi nikawa askari wa maiti ya mume wangu.

Jua lilipopanda, kivuli cha paa kikajikunja, likampata miguuni. Nzi wakaja. Mwanangu akachukua blanketi, akasimama nje ya bandeji na kulinyoosha kwa mikono miwili ili baba yake apate kivuli. Niliitazama mikono ile ikitetemeka, na hapo ndipo shetani alinipitia: inatetemeka kwa uchovu, au kwa jambo inalolijua? Nilimzaa mimi, lakini kilichotokea uani sikukiona. Kuuliza niliogopa jibu.

Saa sita shemeji yangu akafika, kaka mkubwa wa mume wangu, fimbo mkononi.

"Mmemwacha ndugu yangu chini kama gunia? Njooni tumwingize ndani!"

"Shemeji, usivuke."

"Bandeji ndiyo itanizuia mimi? Bandeji ya kidonda?"

"Polisi hawajaja."

"Basi mwache huyo kijana aje amnyooshe baba yake mkono!" akapaza sauti ili ukuta usikie. "Au unamlinda nani, shemeji? Maiti, au aliyeifanya maiti?"

Mwanangu akasema, "Baba mkubwa, mimi..." Blanketi likashuka, akalipandisha tena.

Nikasimama. Magoti yalilia kama bawaba kavu. "Shemeji, nimekupikia miaka arobaini na moja, sijawahi kukuinulia sauti. Leo ukiikanyaga hiyo bandeji, utanikanyaga mimi kwanza. Na mimi si mwepesi kuvukwa, unaniona nilivyo."

Kwenye ukuta mtu akacheka, akajiziba. Shemeji akatema mate, akaketi mlangoni akilia kwa sauti. Nikakaa tena, nikaikalia mikono. Ule mkono wa nje ya shuka niliuona ukibadilika rangi, kucha kwa kucha.

Polisi walikuja saa nane na nusu. Mmoja akapiga picha, mwingine akachuchumaa kwenye ile ngumi, akaitazama bila kuifungua. Ncha ya mti ilikuwa imechungulia kati ya vidole. Akaenda kwenye ngazi, akahesabu vipago vya kukanyagia. Cha nne kutoka juu kilikuwa kimemeguka ncha, na msumari wenye kutu umebaki unaning'inia.

"Alikishika hiki, kikatoka naye," akasema. "Kijana, shusha blanketi. Hakuna aliyemsukuma."

Mwanangu hakulishusha. Mikono ilikataa kukunjika. Ilibidi nimshushie mimi, na nilipomgusa nikaona aibu kubwa kuliko ya siku yoyote ya maisha yangu.

Wakafungua ngumi kwa shida, wakatia kile kipande cha kipago kwenye mfuko. Kisha wakatandika turubai. Shemeji anataka maiti ipitishwe kwake kwanza; polisi wanataka kufika hospitali kabla chumba cha maiti hakijafungwa; majirani, wale wale, sasa wanataka kusaidia kubeba. Kila mtu ananiambia anachotaka, na mimi, nimerudi kigodani na mikono nimeikalia, naitikia tu, haya, haya.

Gari la wagonjwa likasimama nje. Mhudumu akaingia mbio, aproni imelowa.

"Mtoto?" nikauliza.

"Wa kike. Anapiga kelele kuliko king'ora chetu." Akaitazama bandeji, imekaza vile vile alivyoiacha. Akawageukia polisi. "Afande, nipeni dakika tano." Ndipo akapiga magoti mbele ya kigoda changu kama asubuhi. "Mama, wewe unataka nini?"

Nikaichomoa mikono yangu chini yangu, imekufa ganzi, nikamwonyesha.

"Nataka kumshika mkono," nikasema. "Na mwanangu aushike pamoja nami."