Upande Mmoja wa Shingo

"Toa pumzi," Kidole alimwambia mpagazi aliyelala kwenye mkeka. "Usijikaze. Hapa hubebi gunia."

Mpagazi akashusha pumzi, na gumba la mwanamke likazama kwenye kishimo kilicho kati ya bega na shingo.

"Utaniua, dada!"

"Ungekuwa mwepesi wa kufa, magunia yangekumaliza zamani. Geuka, nifanye na huku."

Wenzake wawili waliokuwa wakisubiri nje wakacheka. Wao ndio waliompa jina la Kidole. Kibanda kilikuwa cha mabati, nyuma ya ghala la soko. Ndani mlitosha mkeka, ndoo ya maji na kigoda cha mama mkwe wake.

Kazi ilikuwa ya huyo mama mkwe. Alibonyeza watu miaka arobaini mpaka vidole vikapinda kama tangawizi. Siku aliposhindwa kufunga kifungo cha gauni lake mwenyewe, alimwita mke wa mwanawe, ambaye kiwanda cha nguo kilikuwa kimemwachisha kazi.

Hakumpa mtu wa kumshika. Alimpa punje ya mchele chini ya shuka lililokunjwa mara moja. "Fumba macho, itafute kwa gumba." Kila alipoipata, shuka lilikunjwa tena. Ilipita karibu mwaka kabla hajaihisi punje chini ya matabaka kumi na sita. Ndipo bibi huyo akalala yeye mwenyewe kwenye mkeka, akasema, "Haya, nianze mimi." Alipokosea kishimo alipigwa teke. Mambo mawili hakuruhusiwa kuyasahau. Mtu hubonyezwa akitoa pumzi. Na mtu haachwi upande mmoja, kwani ukilegeza huku ukaacha kule, jioni mwili unavutana, naye anaumia kuliko alivyokuja.

Sasa mlangoni palikuwa na alama nyekundu ya manispaa. Asiyekuwa na leseni hadi leo saa kumi, kibanda kinafungwa.

"Nenda, mwanangu," bibi akasema. "Wakikuuliza, mikono ijibu."

Alikaa kwenye foleni ya ofisi ya manispaa kuanzia saa tatu hadi saa nane. Afisa alikuwa na shingo iliyokakamaa. Akitaka kumtazama mtu, aligeuka na kiti kizima.

"Cheti cha sekondari?"

"Niliishia shule ya msingi."

"Aliyekufundisha ana cheti gani?"

"Ana mikono."

"Mama, usiniletee mchezo." Akaelekeza kalamu ukutani, kwenye picha ya mtu aliyejaa vidoti vyenye namba. "Mtu anaumwa kichwa. Unabonyeza namba ngapi?"

Kidole akaisogelea picha. Akainua gumba, akalishusha.

"Sisi hatuna namba, bwana afisa. Tuna vishimo, na kila mtu na vyake. Tena nambonyeza mtu akitoa pumzi. Huyu hapumui."

"Mtihani ndio huo."

"Hiyo shingo yako ina siku ngapi?"

Afisa akatazama mlango. "Wiki," akasema kwa sauti ya chini. "Nililala vibaya."

"Legeza tai. Toa pumzi."

Akasimama nyuma yake, akaanza upande wa kulia. Chini ya fuvu alikuta kifundo kigumu, kidogo kama punje. Afisa akagumia. Pumzi ya tatu kifundo kikaachia, naye akageuza kichwa taratibu, akaliona dirisha la ofisi yake ambalo hakuwa ameliona wiki nzima.

"Aisee! Mama, una mkono wewe!"

Kwa furaha hiyohiyo akavuta fomu, akaandika HAKUFAULU, akapiga muhuri.

Kidole alidhani amesoma vibaya. "Lakini si umepona?"

"Kupona ni habari nyingine. Fomu inauliza namba. Nikijaza uongo, kibarua changu kitaota nyasi." Akaegemea kiti, akalaza kichwa kumpa upande wa kushoto. "Haya, malizia huku. Na Jumamosi upitie nyumbani, mke wangu anasumbuliwa na mgongo."

Aliitazama ile shingo. Bila hata kuigusa alijua kifundo kilipo. Akafuta mikono kwenye gauni.

"Sina leseni," akasema, akatoka.

Njia nzima alilirudia jibu lake, akicheka peke yake.

Alipofika, kibanda kilikuwa na kufuli jipya. Mkeka na ndoo vilikuwa vimetupwa kwenye vumbi. Bibi alikaa nje kwenye kigoda chake, na yule mpagazi wa asubuhi amechuchumaa kando yake. Kidole akawasimulia yote, hadi lile jibu la mwisho.

Mpagazi akapiga paja. "Safi! Jioni atalia kama mtoto!"

Bibi hakucheka.

"Ulimwacha upande mmoja?"

"Mama, amenifelisha! Wametufungia!"

"Kufuli naliona. Nimekuuliza jambo lingine."

"Ndiyo, mama. Nilimwacha."

Bibi akavitazama vidole vyake, akavificha kwenye mikunjo ya gauni.

"Miaka miwili nimekufundisha," akasema. "Wao kukusahaulisha imewachukua siku moja."