Spika Iliyotangulia

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchelewa. Alichelewa hata kwenye harusi yake mwenyewe, mpaka shangazi zangu wakaanza kuvua viatu. Kwa hiyo siku ya mazishi, watu waliponishika mkono mmoja mmoja wakaniambia, "Pole, katangulia tu, sote tuko nyuma yake," nilibanwa na kicheko. Huyu? Atangulie wapi?

Spika alizifunga yeye: sebuleni, jikoni, chumbani, na karakanani nyuma ya jiko, alikokuwa akiranda mbao zake huku akipiga mluzi. Alihangaika na simu mpaka wimbo mmoja ukatoka vyumba vyote kwa pamoja. Ungeweza kuvuka mlango na neno usilipoteze. Alitembea kifua mbele kama jogoo. Tangu hapo usafi wa Jumamosi tuliufanya kwa muziki: mimi na fagio, binti yetu Chiriku na maswali yake yasiyo na mwisho, baba mtu na mluzi wake. Na mluzi wenyewe, kama mwenye nao, ulikuwa nyuma ya wimbo kila siku.

Alipofariki nilifunga mlango wa karakana, sikugusa kitu. Jumamosi ya kwanza niliyopata nguvu ya kushika fagio, niliwasha muziki, nikasikia kasoro. Spika ya karakana ilikuwa inatangulia. Kidogo tu: neno linatoka kule, kisha ndiyo linatoka jikoni. Nilicheka kweli.

"Umejifunza kuwahi sasa?" nikamwambia ukuta.

Jumamosi iliyofuata pengo lilikuwa neno zima. Baadaye likawa mstari mzima, na hamu ya kucheka ikaniisha. Kisha nikaona jambo lililonitia baridi. Chiriku, mtoto anayejibu swali kabla hujalimaliza, alianza kuchelewa. Namwita, kimya. Ninapojiandaa kumfokea, ndipo "Abee mama" inapofika. Mmoja ameshaniponyoka, na huyu aliyebaki sikuwa tayari kumtoa hata kwa mkopo. Nikajiambia ile spika inamvuta mwanangu.

Nikampigia shemeji, mdogo wa marehemu, fundi umeme. Alikuja na mkoba wake, akawasha wimbo, akapita chumba hadi chumba. Mwisho akasimama mlangoni mwa karakana, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Shemeji, mbona ziko sawa?"

"Sawa wapi? Husikii hiyo ya karakana imeshamaliza ubeti?"

"Zinakwenda pamoja zote. Kaka alizipanga vizuri mno."

"Basi una nta masikioni. Ing'oe!"

Hakubishana nami; hakuna aliyewahi kupata faida kwa kubishana nami. Aliitoa kwenye kundi la spika simuni, akafungua skrubu, akaja nayo sebuleni, akailaza mezani nyaya zikining'inia. Kisha akazima muziki wote.

Karakana ikaendelea.

Wimbo ule ule, na juu yake mluzi. Safari hii mluzi haukuwa nyuma hata kidogo. Niliusikia wazi, bila kuungoja, kana kwamba mpigaji yuko chumba kimoja nami.

"Mnasikia?" niliuliza.

Shemeji akanitazama. Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu. Nikamgeukia Chiriku. Naye midomo ilikuwa inacheza, na macho yamejaa machozi. Nilipokwisha kukata tamaa, sauti yake ikanifikia kutoka mbali sana.

"Mama, mimi sichelewi. Ukiniita naitika palepale. Wewe ndiye husikii."

Niliogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Spika haikuwa na kosa, mtoto hakuwa na kosa. Aliyetolewa kwenye kundi ni mimi. Yeye katangulia, nami kila Jumamosi nilikuwa nasogea nyuma yake na fagio langu mkononi, nikimwacha mwanangu peke yake.

Mluzi ukakatika. Ukimya ule niliujua. Ndivyo alivyokuwa akinyamaza akitaka niende nikaone alichotengeneza. Mguu wangu ulitaka kwenda. Sitadanganya, ulitaka sana; nilimpenda yule mchelewaji.

Kitu kikanibana kiganja. Ulikuwa mkono wa Chiriku, umelowa jasho. Alibana, nikabanwa palepale, bila pengo. Nikambana. Akanibana tena.

"Baba Chiriku," nilisema, uso nimeuelekeza kwenye mlango wa karakana, "mimi nimekungoja miaka yote. Sasa ni zamu yako kungoja."

Nikaketi sakafuni na mwanangu, mkono wake ndani ya wangu, nikaitazama midomo yake ikicheza, nikangoja sauti ifike.