Tabaka la Chini Kabisa

Mtandao wa kampuni ya bima mjini Cần Thơ ulikufa asubuhi ileile aliyoanza kazi Tường, fundi wao mpya wa mtandao. Hakubabaika. Matabaka saba ya mtandao aliyajua kama jina lake, akaanza na la juu, lile la programu, akawa anateremka mdogomdogo. Saa tatu zikakatika.

"Mdogo wangu, umefika wapi?" bosi wake, Khuyên, akamuuliza.

"La nne, dada. Tatizo limejificha."

"Na la kwanza je? Waya na umeme?"

"Aa, dada! Hilo si la watoto wa shule?"

Khuyên akapiga magoti sakafuni. Plagi ya mashine ya mtandao ilikuwa imechomolewa, na kwenye tundu lake imechomekwa taa ya madhabahu ya mungu wa ardhi, ile ndogo iliyowekwa sakafuni kuombea biashara.

"Nani kafanya hivi?"

Tường akakohoa. "Mama alisema nikifika tu nimuwashie mungu taa, kazi ininyookee."

"Imenyooka. Kanunue ekstensheni. Ukirudi utanitajia matabaka, kuanzia chini."

Watu arobaini wakakaa nusu saa nyingine bila mtandao, kwani hakuna aliyethubutu kumzimia mungu taa.